Kutoa kitabu chako cha kwanza mwenyewe ukiwa Mwanza

Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilikuja kuchapishwa mwaka 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe, na mwaka uliofuata akafariki dunia. Kwa miaka 35 mswada uliokamilika ulikuwa unasubiri mtu wa kuutoa. Mwandishi wa leo, awe Nansio, Sengerema au Mabatini, hana sababu ya kusubiri hivyo. Kompyuta zipo, wahariri wapo, mashine zinazoweza kuchapa hata nakala 50 zipo, na msomaji wa Bukoba au Musoma anaweza kulipa kwa simu bila kuonana nawe. Wengi wanakwama kwa sababu hawajui kazi ipi inatangulia nyingine na fedha zinavujia wapi.

Ushauri wetu mkubwa tunautanguliza, kwa kuwa hatua zote zilizobaki zinauegemea: kitabu cha kwanza chapa nakala chache, kati ya 100 na 200, na fedha zako zianzie kwenye maandishi kabla hazijafika kwenye karatasi. Nakala 150 zilizohaririwa vizuri zitakwisha, na zitakuletea watu wanaoulizia zaidi. Nakala 1,000 zenye makosa zitalala ndani ya maboksi, na kila utakayemuuzia atakuwa na sababu ya kutonunua kitabu chako cha pili.

Hatua ya 1: Maliza mswada, kisha uuache

Usitafute jalada wala bei ya kuchapa kabla sura ya mwisho haijaandikwa. Ukishamaliza, uweke pembeni wiki tatu au nne bila kuugusa, ndipo uusome wote kwa sauti. Sikio linakamata sentensi ndefu na maneno yanayojirudia ambayo jicho limeshayazoea.

Halafu tafuta wasomaji watatu hadi watano, na wasiwe ndugu tu. Kama kitabu chako ni mwongozo wa kukausha dagaa, mmoja wao awe mama anayeanika dagaa kwenye chanja pale mwalo wa Igombe. Yeye ndiye atakayekuambia kwamba maelezo yako ya mvua za ghafla hayatekelezeki. Wape nakala iliyochapwa kwenye A4, mistari iachane, pamoja na kalamu. Usiwaulize "umekionaje?" maana watakusifu. Waulize walichoka ukurasa gani, hawakuelewa wapi, na wangeruka nini. Wawili wakitaja sehemu ileile, irekebishe hata kama unaipenda.

Hatua ya 2: Uhariri

Hapa ndipo pa kutumia fedha. Kuna kazi mbili, na watu wengi huzichanganya. Mhariri anaangalia mpangilio, mantiki, marudio na ufasaha wa lugha, na anaifanya kazi hiyo wakati mswada bado unaweza kubadilika. Msoma prufu anakuja mwishoni, kurasa zikishapangwa, kukamata herufi zilizokosewa, nafasi za ziada na namba za kurasa zisizolingana na yaliyomo. Asiwe mtu yuleyule, kwa sababu mhariri ameshausoma mswada mara nyingi na macho yake yanajaza hata neno lisilokuwepo.

Kabla ya kukubaliana na mhariri, mpe kurasa tatu za mswada afanye kama jaribio. Wape watu wawili kurasa zilezile kisha linganisha. Aliyerudisha kurasa safi bila swali hata moja hajahariri, ameweka nukta na mikato tu. Mhariri mzuri atakuandikia pembeni: "Sura ya 2 umesema alikuwa na miaka 17, hapa ana 20, imekuwaje?" Malipo myapange kwa idadi ya maneno au kurasa, nusu mwanzoni na nusu kazi ikikamilika, na yaandikwe.

Usitegemee kompyuta ikusahihishie Kiswahili. Makosa mabaya zaidi ni yale ambayo maneno yote mawili yapo kwenye kamusi: mahali na mahari, kalamu na karamu, thamani na samani, kura na kula. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunapaswa kuwa makini zaidi na r na l, maana matamshi ya lugha za nyumbani yanapenya hadi kwenye maandishi. Andika orodha ya maneno yanayokutatiza, kisha yatafute moja moja kwenye faili zima. Ongeza humo "ambae" na "nae" yanayotakiwa kuwa ambaye na naye, "uyu" badala ya huyu, na "ajaja" badala ya hajaja.

Angalia pia alama ya ng'. Wengine hutumia kibonye cha kona ya juu kushoto, wengine cha nukuu, na matokeo yake ni kitabu chenye ng'ombe wa aina tatu. Chagua alama moja, badilisha zote kwa mkupuo, kisha hakikisha kwa macho.

Hatua ya 3: Haki na namba

Hakimiliki inaanza pale unapoandika. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, usajili si sharti la kuwa mmiliki, lakini kusajili COSOTA, taasisi ya hakimiliki Tanzania, kunakupa ushahidi siku mtu akirudufu kazi yako. Sajili.

ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ukiwa Mwanza, anza kwa kuulizia utaratibu Maktaba ya Mkoa. Omba mapema, kabla kurasa hazijapangwa, kwa sababu namba hiyo inakaa ukurasa wa hakimiliki na nyuma ya jalada. Ina tarakimu 13, na za vitabu vingi vya Tanzania huanza na 978 9976 au 978 9987. Kila umbo la kitabu lina namba yake: jalada laini moja, jalada gumu nyingine, kitabu pepe nyingine. Ulizia pia utaratibu wa kuwasilisha nakala maktaba baada ya kuchapa, maana ni takwa la kisheria.

Jihadhari na mtu anayekuuzia "namba" papo hapo. Kuikagua ni rahisi: zidisha tarakimu ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, endelea hivyo hadi ya 13, kisha jumlisha yote. Jibu lisipogawanyika kwa 10 bila baki, namba hiyo ni batili. Likigawanyika, bado hakikisha imetolewa kwa jina lako na si ya kitabu cha mtu mwingine.

Ukilenga shule, ujue kwamba vitabu vya kufundishia vinapita kwenye ithibati kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania. Huo ni mlima mwingine. Kitabu cha kwanza kiandikie wasomaji wa kawaida, shule zifuate baadaye.

Hatua ya 4: Kupanga kurasa

Ukubwa unaofaa kwa vitabu vingi ni A5, yaani milimita 148 kwa 210. Karatasi za A5 hazina mabaki mengi zikikatwa, hivyo bei hupungua. Kwa herufi za ukubwa wa 11 au 11.5, ukurasa mmoja unabeba maneno kama 280 hadi 300. Mswada wa maneno 40,000, ukiongeza kurasa za mwanzo na nafasi za sura mpya, unakaribia kurasa 150 hadi 160.

Pambizo la ndani, upande wa gundi, lisipungue milimita 20. La nje milimita 15, la juu 18, la chini 20. Wanaobana pambizo la ndani ili kuokoa kurasa huishia na kitabu kinachomlazimu msomaji kukikamua ili aone mwisho wa mstari. Akikikamua mara kadhaa, mgongo unapasuka.

Aya zianze kwa kuingia ndani milimita 5, bila mstari mtupu kati ya aya na aya. Sura zipewe mtindo wa kichwa ndani ya programu, ndipo yaliyomo yajitengeneze yenyewe na namba zisikosee. Zima kabisa ukataji wa maneno wa kompyuta mwisho wa mstari, maana programu nyingi hukata kwa kanuni za Kiingereza. Utakuta "mchan-ga" wakati silabi ya Kiswahili inaishia na irabu: mcha-nga. Ikibidi kukata, kata mwenyewe.

Kurasa zigawanyike kwa 4, na kwa mashine kubwa kwa 8 au 16, kwa sababu karatasi kubwa huchapwa kisha ikakunjwa. Ukiwa na kurasa 154 kwenye mashine kubwa, utalipia 160 na sita zitabaki tupu. Karatasi hiyo iliyokunjwa huitwa fomu; muulize mpiga chapa anafanya kazi kwa fomu za kurasa ngapi, kisha punguza au ongeza ifike hapo.

Mpelekee PDF, tena iliyohifadhi aina za herufi ndani yake. Ukimpelekea faili la Word, kompyuta yake isiyo na herufi ulizotumia itaweka nyingine, mistari itasogea, na sura iliyoanzia ukurasa wa 45 itaanzia wa 47 wakati yaliyomo bado yanasema 45.

Hatua ya 5: Jalada

Jalada la mbele, mgongo na la nyuma hutengenezwa kama karatasi moja. Kipimo cha mgongo kinatokana na karatasi, hakikadiriwi kwa macho. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, na kurasa 160 ni karatasi 80, hivyo mgongo ni milimita 8, na ukijumlisha unene wa jalada lenyewe ni 8.5 hivi. Upana wa faili ni 148 + 8.5 + 148, sawa na milimita 304.5. Ongeza milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatwa: upana 310.5, urefu 216. Karatasi hutofautiana, kwa hiyo mwombe mpiga chapa apime unene wa karatasi 100 za shehena atakayotumia, ndipo msanifu afunge faili. Mgongo ukikosewa kwa milimita 2 tu, jina la kitabu litapinda kuelekea mbele au nyuma.

Picha ziwe na nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa utakaochapwa. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshabanwa, itatoka na ukungu. Mwambie mpigapicha aitume kama dokumenti. Jiwe la Bismarck linapendeza kwenye jalada, lakini picha iliyopigwa na mtu mwingine ni mali yake, nawe unahitaji ruhusa ya maandishi. Vivyo hivyo kwa sura ya mtu uliyempiga picha sokoni Kirumba.

Msanifu akimaliza, akukabidhi faili la wazi linaloweza kurekebishwa pamoja na PDF. Liandikeni hilo kwenye makubaliano kabla hajaanza, la sivyo ukichapa mara ya pili utamlipa upya au utaanza moja.

Hatua ya 6: Hesabu kabla ya karatasi

Tarakimu zifuatazo ni za kujifunzia, weka za kwako baada ya kukusanya bei. Tuseme uhariri, prufu, kupanga kurasa na jalada vimekula shilingi 800,000. Mpiga chapa anataka 5,000 kwa kila nakala ukichapa 200, na 3,500 ukichapa 1,000.

Nakala 200: milioni 1 ya kuchapa na 800,000 ya maandalizi, jumla milioni 1.8. Kila nakala imegharimu 9,000. Ukiuza kwa 15,000, nakala 120 ulizouza mwenyewe zinarudisha fedha yote. Duka likichukua asilimia 30, unabaki na 10,500, na itabidi ziuzwe 172. Ondoa nakala 20 za kugawa kwa wahakiki, maktaba na waliokusaidia, unaona kwamba ukitegemea maduka peke yake utarudisha mtaji tu. Ndiyo maana mauzo ya mkono kwa mkono ni uti wa mgongo wa kitabu cha kwanza.

Nakala 1,000: milioni 3.5 na 800,000, jumla milioni 4.3. Nakala moja ni 4,300, na hapo ndipo wengi wanapovutika. Lakini ili fedha irudi lazima uuze 287 kwa mkono, au 410 kupitia maduka. Bei ya nakala imeshuka, deni limepanda. Kama huna orodha ya watu 300 walioahidi kununua na baadhi wameshalipa, chapa 200.

Weka oda za awali: tangaza kitabu wiki sita kabla, pokea malipo kwa Lipa Namba, andika kila jina. Fedha hizo zitunze peke yake, usizichanganye na za chakula, maana kitabu kikichelewa watu wana haki ya kudai.

Hatua ya 7: Mpiga chapa

Kwa nakala chini ya 200 au 300, mashine ya kidijitali inafaa zaidi. Mashine kubwa ya ofseti inahitaji pleti, yaani mabamba yanayobeba kurasa za kuchapwa, na gharama ya pleti ni ileile uchape 50 au 2,000, ndiyo sababu inapendeza kwa wingi tu. Omba bei kwa watu watatu, Mwanza na Dar es Salaam, na wote uwape maelezo yanayofanana: A5, kurasa 160, ndani karatasi nyeupe au ya krimu gramu 80, wino mweusi, jalada kadi gramu 250 au 300 lenye rangi na laminesheni (utando wa plastiki juu yake), kufungwa kwa gundi moto, nakala 200. Ukiuliza tu "kuchapa kitabu ni shilingi ngapi?" utapewa bei tatu zisizolinganishika.

Bei ya Dar ikiwa ndogo, kumbuka uzito. Kitabu cha kurasa 160 kina gramu 215 hivi, kwa hiyo nakala 200 ni kilo 43 na nakala 500 zinapita kilo 100. Ongeza nauli ya mzigo, na ongeza ugumu wa kurudisha nakala mbovu kutoka huku.

Kabla mashine haijawaka kwa wingi, dai nakala mbili kamili za mfano, kwa karatasi na jalada vilevile vitakavyotumika. Fungua moja katikati uikunje hadi ilale mezani, kisha vuta karatasi moja kwa vidole. Ikichomoka, gundi haitoshi au mgongo haukukwaruzwa vizuri kabla ya kupakwa. Angalia pia uelekeo wa nyuzi za karatasi: kitabu kikifunguka kwa ukaidi na kurasa zikajikunja mawimbi karibu na mgongo, nyuzi zimelala kukingama. Zinatakiwa ziende sambamba na mgongo. Kosa hili huzidi kwenye hewa ya unyevu kama yetu ya ziwani. Weka sahihi kwenye mifano yote miwili ukiridhika, na abaki nao mmoja, nawe mmoja.

Makubaliano yaandikwe: sifa zote za kitabu, idadi, tarehe, malipo ya awali na ya mwisho, na kwamba nakala zenye kasoro atazichapa upya kwa gharama yake. Usimalize kulipa kabla hujakagua.

Hatua ya 8: Kupokea na kutunza

Fungua kila boksi. Chukua nakala tano kutoka sehemu tofauti, pitisha kurasa zote ukitazama namba: kuna nakala zinazorudia fomu moja na kukosa nyingine, na kuna zilizofungwa juu chini. Maboksi yasikae sakafuni wala kugusa ukuta. Yainue kwenye mbao, kwa sababu unyevu wa masika hupanda kutoka kwenye saruji na mchwa huanzia chini. Usiyaache pia ndani ya gari juani, gundi moto hulainika.

Hatua ya 9: Kuuza

Kwenye maduka ya vitabu na steshenari utauza kwa mali kauli, yaani duka linakulipa baada ya kuuza. Peleka nakala tano tu kwa kila duka, na hati yenye idadi, bei, asilimia ya duka na tarehe ya kupitia hesabu, isizidi siku 60. Duka lililolipa kwa wakati liongezee, lisilolipa chukua mzigo wako kwa upole usirudi.

Fuata wasomaji walipo. Riwaya inaweza kuanzia kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT kule Malimbe. Kitabu cha mila za Wasukuma kina watu wake Bujora wakati wa sherehe za Bulabo, mwezi wa Juni. Kitabu cha kilimo, mifugo au uvuvi kipeleke Nane Nane viwanja vya Nyamhongolo. Kitabu cha dini, zungumza na paroko, mchungaji au imamu kabla hujaweka meza. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ni siku nzuri ya kuzindua kazi yoyote ya Kiswahili: ukumbi wa maktaba au darasa la shule, kurasa mbili zikasomwa kwa sauti, na meza ya kuuzia iwe mlangoni yenye chenji ya kutosha.

Mitandaoni, gawa sura ya kwanza, usitume PDF nzima hata kwa rafiki. Ikishaingia kundi moja imeingia yote. Nakala za mikoani zipite kwa mabasi ya Nyegezi au Nyamhongolo, za Ukerewe kwa meli kutoka Bandari ya Kaskazini. Chukua risiti ya mzigo, ipige picha, umtumie mnunuzi pamoja na namba ya kupokelea.

Weka daftari lenye safu tano: tarehe, nakala, aliyechukua, bei, amelipa au bado. Lipitie kila Jumamosi. Weka pia nakala moja ya kitabu yenye kalamu nyekundu, uandike humo kila kosa ambalo wasomaji watakuonyesha, nao watakuonyesha. Nakala 150 kati ya 200 zikishauzwa na fedha iko mkononi, si kwenye ahadi, sahihisha faili na uchape nyingine. Ukiwa umerekebisha herufi tu, ISBN inabaki ileile. Ukiongeza sura au kubadilisha maudhui kwa kiasi kikubwa, hilo ni toleo la pili na linahitaji namba mpya.